Ruzuku za Uhifadhi wa Jamii Massachusetts: Mji Hugawa Vizuri Kuliko Unavyofuatilia

Huduma ninayoitathmini hapa haina duka wala kaunta, lakini wenye nyumba katika zaidi ya nusu ya miji na majiji 351 ya jimbo la Massachusetts, nchini Marekani, huilipia kila mwaka ndani ya bili zao za kodi ya majengo. Ni huduma ya kugawa na kusimamia ruzuku za uhifadhi wa jamii, iliyoanzishwa na sheria ambayo Gavana Paul Cellucci aliitia saini tarehe 14 Septemba 2000. Fedha zake hutumika kwa mambo manne tu: kuhifadhi ardhi iliyo wazi, kulinda urithi wa kihistoria, kujenga na kutegemeza makazi ya gharama nafuu, na kuendeleza viwanja vya burudani na michezo. Miji ya mwanzo iliipigia kura mwaka 2001. Boston iliikataa mwaka huo huo na kuikubali mwaka 2016, na Worcester ikajiunga mwaka 2022.

Naiweka hukumu yangu mapema ili msomaji ajue ninakoelekea. Katika kupokea maombi, kuyachambua na kuyapigia kura, utaratibu huu ni miongoni mwa taratibu bora za kugawa fedha za umma nilizowahi kuzifuatilia. Udhaifu wake huanza baada ya kura kupita, pale fedha zinapoanza kutoka na ukumbi uliokuwa umejaa watu unapobaki na mhasibu mmoja, katibu wa muda na faili. Nitaeleza pande zote mbili, lakini nitakaa zaidi kwenye upande wa pili, kwa sababu ndio usiozungumzwa.

Kwanza fedha zenyewe. Mji hauwezi kuanzisha mpango huu kwa uamuzi wa ofisi. Ni lazima wapiga kura waukubali kwa kura ya siri. Wakiukubali, tozo isiyozidi asilimia 3 huongezwa juu ya kodi ya majengo na ardhi. Mtu anaweza kudhani asilimia hiyo hukatwa kwenye thamani ya nyumba, ilhali hukatwa kwenye kodi. Tuchukue nyumba iliyothaminiwa kuwa dola 600,000 katika mji unaotoza dola 12 kwa kila dola 1,000 za thamani. Mji ukiwa umechagua kusamehe dola 100,000 za mwanzo, kodi inayohesabiwa ni ya dola 500,000, yaani dola 6,000, na tozo ya asilimia 3 juu yake ni dola 180 kwa mwaka. Katika mji uliochagua asilimia 1.5, mwenye nyumba hiyo atalipa dola 90. Mji unaweza pia kuwasamehe kabisa watu wa kipato cha chini pamoja na wazee wa kipato cha chini au cha kati, na mimi siuelewi mji unaoacha kufanya hivyo.

Juu ya makusanyo hayo jimbo huongeza sehemu yake kutoka mfuko maalumu, ambao hujazwa na ada inayolipwa katika ofisi za usajili wa hati kila mtu anaposajili hati ya nyumba au ya mkopo wa nyumba. Ada hiyo ilikuwa dola 20 kwa hati nyingi hadi ilipopandishwa kuwa dola 50 mwishoni mwa mwaka 2019. Miaka ya mwanzo jimbo lilitoa dola moja kwa kila dola iliyokusanywa na mji. Kadiri miji ilivyoongezeka na soko la nyumba lilivyodorora, nyongeza hiyo ilishuka hadi asilimia 68 hivi mwaka 2008, na kufika 2017 ilikuwa asilimia 17 katika mgao wa kwanza. Ikapanda tena hadi karibu asilimia 44 mwaka 2021, watu walipokuwa wakikopa upya kwa wingi kwa sababu riba ilikuwa chini, kisha ikarudi kushuka. Kwa mwombaji maana yake ni kwamba mfuko wa mji hupanuka na kusinyaa kwa sababu zisizohusiana kabisa na ubora wa maombi. Kamati makini hupanga bajeti kwa makadirio ya chini na kuacha akiba. Kamati isiyo makini huahidi mwezi Machi kile ambacho jimbo litakipunguza mwezi Novemba.

Kinachonivutia zaidi ni namna sheria ilivyoigawa mamlaka ya kuamua. Kila mji huunda kamati ya watu watano hadi tisa. Viti vitano si vya kuchaguana kirafiki: kimoja ni cha tume ya hifadhi ya mazingira, kimoja cha tume ya historia, kimoja cha bodi ya mipango, kimoja cha bodi ya bustani na viwanja, na kimoja cha mamlaka ya makazi. Viti vinne vinavyobaki mji unaweza kuvijaza kwa njia iliyoandikwa katika sheria yake ndogo. Kwa mpangilio huo mtu wa historia hawezi kujipitishia paa la jengo lake pasipo kumshawishi mtu wa makazi, na mtu wa makazi hawezi kupata kiwanja pasipo kukaa meza moja na mtu wa misitu. Kila mwaka angalau asilimia 10 ya mapato lazima itumike au itengwe kwa ajili ya maeneo ya wazi na burudani, asilimia 10 kwa historia, na asilimia 10 kwa makazi. Asilimia 70 iliyobaki ni ya kushindaniwa, na humo ndimo tabia ya kila mji inapoonekana. Cambridge, kwa mfano, kwa miaka mingi ilielekeza asilimia 80 ya fedha zake kwenye makazi nafuu na kuziachia historia na maeneo ya wazi kumikumi. Miji midogo yenye mashamba ya zamani hufanya kinyume chake, na sheria inairuhusu.

Sasa tuingie katika uombaji wenyewe. Katika miji mingi maombi hupitia ngazi mbili. Ya kwanza ni fomu fupi ya kuthibitisha kwamba mradi unastahili kisheria, na hapo ndipo waombaji wengi hukwama, kwa sababu orodha ya vitenzi vinavyoruhusiwa hutofautiana kwa kila fungu. Ardhi ya wazi inaweza kununuliwa, kuanzishwa au kuhifadhiwa, lakini haiwezi kukarabatiwa kwa fedha hizi isipokuwa ilipatikana kwa fedha hizi hizi. Jengo la kihistoria linaweza kununuliwa, kuhifadhiwa, kukarabatiwa na kurejeshwa katika hali yake ya awali, ila ukarabati wake ni lazima ufuate viwango vya wizara ya mambo ya ndani ya Marekani kuhusu majengo ya kale. Makazi yanaweza pia kutegemezwa, kwa mfano kwa kuwasaidia wapangaji kodi ya nyumba. Matengenezo ya kawaida hayaruhusiwi popote, wala fedha hizi haziwezi kuchukua nafasi ya fedha ambazo mji ulikuwa tayari ukizitoa kwa kazi ile ile. Uwanja wa michezo unaruhusiwa. Jumba la michezo la ndani na uwanja mkubwa wenye majukwaa ya watazamaji haviruhusiwi, na tangu mwaka 2012 nyasi bandia pia zimepigwa marufuku.

Kwa mtu asiye mwanasheria mambo hayo ni mengi, na naipongeza miji inayoweka saa za ushauri kabla ya fomu kufungwa. Miji isiyofanya hivyo hupokea maombi mazuri yaliyoandikwa vibaya, kisha huyakataa kwa sababu ambayo mazungumzo ya nusu saa yangeiondoa.

Ngazi ya pili ni ombi kamili lenye makadirio ya gharama, picha, barua za kuungwa mkono, ratiba na maelezo ya vyanzo vingine vya fedha. Hufuatwa na ziara ya wanakamati mahali pa mradi na kikao cha wazi. Sheria inaitaka kamati kufanya angalau mkutano mmoja wa hadhara kwa mwaka kuhusu mahitaji ya mji, na kuutangaza gazetini katika kila moja ya wiki mbili zinazoutangulia. Nimehudhuria vikao vya namna hii katika mji mmoja wa ukubwa wa kati, nao unastahili sifa kwa jinsi ulivyoviendesha. Mwombaji mmoja alikuja kuomba fedha za paa la vigae vya mawe kwenye jengo la mikutano la zamani. Mwanakamati hakumuuliza kama jengo ni zuri. Alimuuliza kwa nini makadirio yametoka kwa mkandarasi mmoja tu, nani atalipa gharama zikizidi, na kazi ipi itaanza ikiwa atapewa nusu ya alichoomba. Swali hilo la mwisho lilimfanya mwombaji afungue makabrasha yake upya mbele ya watu wote na kuonyesha upande wa paa unaovuja kuliko mingine. Hatimaye alipewa fedha za upande huo, na ukumbi mzima ulielewa sababu. Mashirika mengi ya kutoa ruzuku hufanya mazungumzo kama hayo faraghani na kumpa mwombaji jibu la aya mbili.

Kamati ikimaliza, mapendekezo yake hayawi uamuzi. Hupelekwa kwenye mkutano mkuu wa mji, au kwenye baraza la jiji pale palipo na baraza. Hapo kuna kufuli ambalo kwa maoni yangu ndilo jambo lililofikiriwa vizuri kuliko yote katika sheria hii: mkutano unaweza kukubali kiasi kilichopendekezwa, kukipunguza au kukikataa, lakini hauwezi kukiongeza wala kuingiza mradi ambao kamati haikuupendekeza. Kamati haiwezi kutumia fedha pasipo wananchi, na wananchi waliopandwa na hamasa ya usiku mmoja hawawezi kuchomeka mradi ambao haujachambuliwa. Kura ya kawaida hutosha kuidhinisha matumizi. Mji ukitaka kukopa kwa dhamana ya makusanyo yajayo, theluthi mbili huhitajika. Ardhi ikinunuliwa, bei haiwezi kuzidi thamani iliyothibitishwa na mthamini kwa taratibu za taaluma yake, na sharti hilo limewakinga walipa kodi dhidi ya wauzaji wanaojua kwamba mji una fedha na una haraka.

Mahakama nazo zimesaidia kuweka mipaka. Mwaka 2008, katika kesi ya Seideman dhidi ya jiji la Newton, walipa kodi walipinga matumizi ya fedha hizi kuboresha bustani mbili zilizokuwapo tangu zamani, na mahakama ya juu kabisa ya jimbo ikakubaliana nao: maneno ya sheria hayakuruhusu kukarabati viwanja ambavyo havikupatikana kwa fedha hizo. Bunge la jimbo lililegeza sharti hilo kwa upande wa viwanja vya burudani mwaka 2012. Mwaka 2018 ikaja kesi ya Caplan dhidi ya mji wa Acton, kuhusu ruzuku zilizoidhinishwa kwa kanisa ambalo bado lina waumini na ibada. Mahakama haikusema kwamba jengo la kanisa haliwezi kamwe kupata ruzuku. Ilitaka kila ruzuku ichunguzwe kwa uangalifu: lengo lake hasa ni nini, inalisaidia kanisa kwa kiasi gani, na je, inaamsha hatari za kisiasa na za kidini ambazo katiba ya jimbo ilikusudia kuzizuia. Ruzuku ya madirisha ya vioo vya rangi yenye picha za kidini ilizuiwa, na ile ya mpango kabambe wa majengo ikarudishwa mahakama ya chini ichunguzwe zaidi. Naona uamuzi huo ulikuwa sahihi, ingawa umeacha makanisa mengi ya kale yakiwa na paa zinazovuja na kamati zenye woga. Nafuu iliyopatikana ni kwamba kamati zimelazimika kuandika sababu zao, na sababu iliyoandikwa inaweza kukaguliwa.

Basi tufike baada ya kura. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, na ruzuku nyingi huanza kutumika kuanzia hapo. Utaratibu ulio mzuri, unaofuatwa na miji iliyojipanga, huwa hivi: mpewa ruzuku hupokea barua ya kuidhinishwa, kisha husaini mkataba na mji unaotaja kazi itakayofanyika, kiwango cha juu cha fedha, muda, masharti ya zabuni na haki ya mji kukagua. Fedha hazitolewi mkupuo. Mpewa hulipa au hupokea ankara kutoka kwa mkandarasi, huiwasilisha pamoja na uthibitisho wa kazi, na mji hurejesha. Miji mingi hubakiza sehemu, aghalabu asilimia 10, hadi ripoti ya mwisho ipokewe. Ripoti za maendeleo hutakiwa mara moja au mbili kwa mwaka, bango la mradi huwekwa mahali pa wazi, na fedha zisizotumika ndani ya muda uliowekwa hurudi katika mfuko. Mji wenyewe huripoti miradi yake kwa idara ya mapato ya jimbo kila mwaka, na sheria inaitaka kamati itunze kumbukumbu kamili za mapendekezo, matumizi na mali zote zilizonunuliwa, kumbukumbu ambazo mwananchi yeyote ana haki ya kuziona.

Nimetumia haki hiyo, na ninachokieleza sasa ni cha mji mmoja ambao sitautaja. Faili za miradi iliyokamilika zilikuwa safi kwa upande wa fedha: ankara zote zipo, sahihi zipo, picha za kabla na baada zimebandikwa kwa utaratibu, na jumla zinalingana hadi senti. Nilichokuwa nakitafuta kilikuwa kidogo kuliko hayo yote, nacho ni namba ya kitabu na ya ukurasa. Hati ikisajiliwa katika ofisi ya usajili hupewa namba hizo mbili, na ndizo pekee zinazothibitisha kwamba sharti la kulinda ardhi au jengo limeandikwa mahali ambapo mnunuzi wa baadaye atalazimika kuliona. Sheria haina utata hapa: haki yoyote ya ardhi au jengo iliyonunuliwa kwa fedha hizi ni lazima ifungwe kwa sharti la kudumu, lililoandikwa kama hati ya pekee na kusajiliwa. Katika faili kadhaa nilizofungua, namba hizo hazikuwapo. Kulikuwa na rasimu ya sharti, barua za wanasheria kuhusu rasimu hiyo, kisha ukimya. Fedha zilikuwa zimeshalipwa zote.

Afisa aliyenihudumia alikuwa mkarimu na mkweli. Alieleza kwamba kuandaa sharti la kudumu huchukua muda mrefu kwa sababu hupitia ofisi za jimbo, wanasheria wa pande mbili na shirika litakalokubali kulisimamia, na kwamba muuzaji wa ardhi mara nyingi hawezi kusubiri. Maelezo hayo ni ya kweli. Lakini ndiyo maana ya kubakiza asilimia 10 ya mwisho, na mji huo ulikuwa umeilipa kwa kutazama picha za nyasi zilizopandwa.

Jambo hili ni zito kuliko kosa la kiofisi. Mkandarasi akiiba mfuko wa saruji, hasara ni ya mfuko mmoja wa saruji. Sharti lisiposajiliwa, ardhi iliyonunuliwa kwa mamia ya maelfu ya dola inaweza, baada ya miaka thelathini na kwa halmashauri isiyokumbuka chochote, kupangiwa matumizi mengine, na mtoto wa mlipa kodi asiwe na karatasi ya kwenda nayo mahakamani. Vivyo hivyo kwa makazi nafuu: kodi ya nyumba iliyowekwa kwa ajili ya familia ya kipato cha chini hubaki ya chini kwa sababu hati inasema hivyo. Nia njema ya mwenye jengo hudumu kadiri yeye mwenyewe anavyodumu.

Zaidi ya hapo kuna pengo ambalo sheria yenyewe imeliacha. Sharti la kudumu ni la lazima pale mji unaponunua haki katika mali. Pale ambapo mji unatoa tu ruzuku ya kukarabati jengo la kihistoria la shirika binafsi, haujanunua haki yoyote, kwa hiyo ulinzi wa jengo hilo hutegemea masharti ambayo mji utayaweka kwenye mkataba. Miji makini hudai sharti la uhifadhi kwa kila ruzuku kubwa ya aina hiyo, na hufanya hivyo kabla ya kutoa hundi ya kwanza. Miji mingine husaini mkataba wa kurasa mbili na kuamini. Sioni kwa nini mlipa kodi akarabati nguzo za jengo ambalo mwenyewe anaweza kulibomoa miaka kumi baadaye pasipo kumwuliza mtu, na ningependa bunge la jimbo liondoe hiari hiyo.

Kuna suala la haki ambalo pia lazima nilitaje, maana linawagusa waombaji wadogo. Utaratibu wa kurejesha fedha baada ya ankara hulinda mfuko, lakini humtaka mwombaji awe na fedha za kutangulia. Taasisi kongwe yenye akiba benki haisumbuki. Chama cha wakazi kinachotaka kufungua bustani ya mboga ya jamii, au kikundi cha wahamiaji kinachotaka kurekebisha uwanja wa watoto, hukwama hapo hapo, hata kama kamati nzima inakipenda. Dawa ipo, na baadhi ya miji huitumia: mji wenyewe humlipa mkandarasi moja kwa moja kwa ankara iliyoidhinishwa, au idara ya mji hubeba mradi kwa niaba ya kikundi. Kamati inayofahamu njia hizo na kunyamaza inawachuja waombaji kwa ukubwa wa akaunti zao. Lugha nayo ni kizuizi. Massachusetts ina wazungumzaji wa Kiswahili, nao hulipa tozo hii, wenye nyumba kwa bili na wapangaji kupitia kodi zao, lakini fomu na vikao katika miji mingi ni kwa Kiingereza cha kisheria.

Kinachonikera zaidi ni kwamba fedha za kurekebisha haya yote zimo ndani ya mfuko wenyewe. Sheria inaruhusu hadi asilimia 5 ya mapato ya mwaka itumike kwa uendeshaji wa kamati. Kamati nyingi huona fahari kutumia chini ya hapo, na huwatangazia wapiga kura kwamba wamebana matumizi. Katika mji unaokusanya dola milioni 1 kwa mwaka, asilimia hiyo ni dola 50,000: mshahara wa ofisa wa nusu siku ambaye kazi yake ingekuwa kufuatilia mikataba, kutembelea miradi ya zamani, kuwasaidia waombaji wapya, na kumsukuma mwanasheria hadi sharti lisajiliwe. Sehemu isiyotumika mwisho wa mwaka haipotei. Hubaki katika mfuko na inaweza kupewa miradi. Sioni hoja ya kuinyima kazi ambayo bila yake miradi yenyewe haina ulinzi.

Kwa hiyo, nikigawa alama, uamuzi wa nani apewe nini naupa alama za juu kabisa, pamoja na sifa kwa wanakamati wanaojitolea jioni zao pasipo malipo. Usimamizi wa fedha wakati kazi ikiendelea naupa alama nzuri. Ufuatiliaji baada ya kazi kwisha hauvuki wastani, na katika mji nilioufungulia faili, uko chini yake. Anayefikiria kuomba asisite: aanze mapema, miezi sita kabla ya tarehe ya mwisho, aulize kitenzi cha mradi wake kiko katika fungu lipi, alete makadirio ya wakandarasi watatu, na aulize siku ya kwanza kama mji unalipa moja kwa moja au unarejesha.

Kwa kamati, kazi ya kuanzia haihitaji sheria mpya wala kura. Ichukue orodha ya kila ardhi, jengo na nyumba iliyonunuliwa tangu mji ulipoikubali sheria, iweke safu mbili za namba ya kitabu na namba ya ukurasa, na iitangaze orodha hiyo kwa wananchi kama ilivyo, pamoja na nafasi zake tupu. Kila mstari usio na namba upelekwe kwa mwanasheria wa mji ukiwa na tarehe ya kujibu, kabla dirisha jingine la maombi halijafunguliwa.